Kabla ya Chuo, Tazama Zamu Yako



Matangazo ya vyuo yametufikia hata Madogo. Yamebandikwa kituo cha mabasi, yamebandikwa mlangoni pa duka la kupiga chapa, na mwenye simu huletewa mengine usiku akiwa amelala. Yote yasema neno moja: wewe uliye kazini, njoo usome digrii ya biashara bila kuacha kazi, upate kuwa mkubwa. Picha ni ya bwana mwenye tai na bibi mwenye miwani, wote wanacheka mbele ya kompyuta. Hatujaona hata tangazo moja lenye picha ya mtu aliyeshika taa ya ishara saa tisa ya usiku.

Hatuandiki haya ili kumzuia mtu kusoma. Wengine wetu tuliishia darasa la nane katika shule ya misheni, na hatuna haja ya digrii ya biashara wala hatutaitwa kuisoma. Lakini jambo hili latuhusu sana, kwa sababu karo ya wenzetu waliokwenda mbele hukopwa katika chama cha akiba na mikopo, na sisi ndio tunaotia sahihi kuwa wadhamini. Mwenzetu akishindwa, mshahara unaokatwa ni wetu. Mtu aliyetia sahihi ana haki ya kuuliza fedha inakwenda wapi.

Tena yatupasa kusema wazi hali yetu sisi wa Madogo. Reli haifiki huku. Mpango wa LAPSSET uliozinduliwa Lamu mwezi wa Machi 2012 una reli ya kupita Garissa, lakini mpaka leo hatujaona taruma hata moja. Sisi wa kutoka huku twafanya kazi Mombasa, Voi, Mtito Andei na Nairobi, na nyumba zetu na watoto wetu wako hapa kando ya Tana. Kwa hiyo mtu wa Madogo anayefanya kazi ya reli ana mahali pawili pa kuishi, na akiongeza chuo anapata pa tatu. Wanaotengeneza matangazo hawakumfikiri mtu wa namna hii.

Maoni yetu ni haya. Watu huanza kwa kuuliza chuo gani kina jina. Hilo ni swali la mwisho. Swali la kwanza ni saa. Je, ni saa zipi za juma ambazo ni zako kweli, ambazo mwajiri hawezi kukunyang'anya? Chagua chuo ambacho madarasa yake yanaingia ndani ya saa hizo. Kama huna saa hizo, usilipe hata fedha ya fomu mpaka uzipate, na kuzipata si kazi yako peke yako, ni kazi ya chama cha wafanya kazi.

Tuna sababu ya kusema hivyo. Mwenzetu mmoja, karani wa stesheni, alijiandikisha katika darasa la Jumamosi huko Nairobi. Akili anayo, hilo halina ubishi. Muhula wa kwanza ulikwenda vizuri kwa kuwa mkuu wake wa zamu alikuwa mtu mwema, akambadilishia Jumamosi kwa Jumapili. Muhula wa pili mkuu yule akahamishwa, akaja mwingine, naye akasema orodha ni orodha. Karani akakosa madarasa manne, kisha sita, kisha akaambiwa chuoni kwamba hawezi kufanya mtihani kwa sababu mahudhurio yake hayakutosha. Alipotaka karo irudishwe alionyeshwa karatasi aliyoitia sahihi mwenyewe: zikipita wiki 2 tangu kufungua, fedha hairudi. Lakini mkopo ulikuwa haujui habari ya mahudhurio. Uliendelea kukatwa kila mwisho wa mwezi, na mshahara wake ulipokwisha kubanwa kabisa, makato yakahamia kwa wadhamini. Mbuzi waliuzwa Madogo kwa ajili ya Jumamosi zile.

Sasa ulizeni kosa lilikuwa wapi. Chuo kilikuwa cha halali. Walimu walikuwa wazuri. Mwanafunzi hakuwa mvivu. Ila alijenga masomo ya miaka miwili juu ya wema wa mtu mmoja, na mtu yule hakuwa na uwezo wa kuahidi lolote, kwa maana hata yeye huhamishwa.

Tuangalie masomo yenyewe, kwani wengi huyanunua bila kuyajua. Digrii ya MBA ya watu walio kazini haikuanzia kwetu. Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, ndicho kilichoianza mwaka 1943, katika miaka ya vita. Ilikuwa ya watu waliokwisha kuwa wasimamizi, wasioweza kuacha kazi yao kwenda kukaa darasani. Kwa miaka mingi huko ng'ambo ilikuwa desturi kampuni kumlipia mtu wake, au kumlipia nusu, kwa kuwa yeye akijua zaidi ni kampuni inayofaidi. Desturi ya kusoma ilivuka bahari ikafika kwetu. Desturi ya kampuni kulipa ilivuka kwa shida. Hapa mtu hulipa mwenyewe, hukopa, na huomba ruhusa kama mwizi.

Nairobi yako madarasa ya namna hii, mathalani katika vyuo vya Strathmore na USIU, na karo ya baadhi ya madarasa hayo hupita shilingi milioni moja. Yako pia madarasa ya kawaida ya MBA ya jioni na Jumamosi kwa bei ya chini zaidi. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kuwapokea wanaojilipia mwaka 1998, na vingine vikafuata. Tofauti ni nini? Katika lile la wakubwa hutakiwa uwe umesimamia watu kwa miaka kadhaa, wenzako darasani ni mameneja, na mara nyingi mnasoma kwa mafungu: siku kadhaa mfululizo, kisha mnarudi kazini. Kuna chai nzuri, na pengine safari ya nje ya nchi. Hatudharau kukaa pamoja na mameneja, mtu hujifunza jinsi wanavyopiga hesabu. Lakini kama wewe ni karani au fundi na hakuna mtu unayemsimamia, utalipa bei ya chai ile na bado kesho yake utarudi dirishani kukata tikiti.

Na wengi wetu hatujafika hata huko. MBA ni digrii ya pili, lazima uwe na ya kwanza. Digrii ya kwanza hutaka C+ katika mtihani wa kidato cha nne, au upande kwa njia ya diploma. Kwa hiyo jihadharini na neno kubwa lililobandikwa mbele ya jambo dogo. Vipo vyeti vya majuma machache vinavyotangazwa kwa maneno yale yale ya ukubwa na uongozi, pamoja na picha ile ile ya bwana mwenye tai. Cheti cha majuma sita chaweza kuwa na faida yake, hatukatai, lakini si digrii, na mwajiri anayetaka digrii hatakipokea.

Kwa karani wa hesabu tungeongeza neno moja ambalo matangazo hayalisemi. Mitihani ya KASNEB, bodi iliyoundwa mwaka 1969, humwezesha mtu kusoma nyumbani na kulipia mtihani kidogo kidogo, sehemu kwa sehemu. Ukihamishwa kutoka Voi kwenda Nairobi, sehemu uliyoshinda inabaki yako. Kwa mfanya kazi wa zamu hilo ni jambo kubwa kuliko jina la chuo. Tumemwona mtu akiwa na CPA yake akamfundisha mwenye MBA kusoma vitabu vya hesabu, ingawa kinyume chake pia chawezekana.

Turudi Madogo. Mtu aliye likizo au aliyehamishia kazi yake karibu na nyumbani huuliza kama aende Nairobi au avuke daraja aende Garissa. Hesabu ya Nairobi ni hii. Kutoka huku hadi huko ni kama kilomita 370. Kwenda na kurudi ni 740. Ukisoma Jumamosi 30 kwa mwaka, kwa miaka 2, ni safari 60, yaani kilomita 44,400. Dunia nzima kuizunguka ni kama 40,000. Piga nauli, piga chakula, piga kitanda cha Ijumaa usiku, kisha andika jumla hiyo chini ya karo. Wengi huikopa karo na kuisahau jumla ile ya pili.

Garissa iko hapo tu ng'ambo. Chuo Kikuu cha Garissa kilikuwa chuo cha walimu, kikawa chuo kishiriki cha Moi mwaka 2011, na mwaka 2017 kikapata hati yake chenyewe. Katikati ya miaka hiyo ilikuwapo tarehe 2 Aprili 2015, ambapo Al-Shabaab waliingia alfajiri na watu 148 wakauawa, wengi wao wanafunzi. Sisi wa Madogo tuliisikia milio ile kutoka upande wetu wa mto. Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016. Wapo mpaka leo wanaosema hawawezi kuingia mlango ule, na hatuwalaumu. Wapo wanaosema kinyume chake, kwamba kukiacha kitupu ni kuwapa wauaji walichotaka, nasi twaelekea upande wa hawa. Lakini hata hapo ulizeni kwanza habari ya saa. Je, somo la biashara unalolitaka lina darasa la jioni au la mwisho wa juma muhula huu, au ni la mchana tu, la vijana waliotoka shule? Ulizeni ofisini, si kwa wakala wa mlangoni.

Na hata kuvuka tu si jambo la kuhesabiwa kuwa la hakika. Mwezi wa Novemba 2023 mvua ya El Niño iliikata barabara ya Mororo, Madogo na Garissa zikawa kama nchi mbili. Mwaka uliofuata maji yakarudi, na mwisho wa Aprili 2024 mashua ilipinduka hapo Kona Punda ikiwa na abiria, na watu wakafa. Mtihani wa chuo hauangalii kimo cha Tana. Kwa hiyo mtu wa huku akichagua chuo cha kuhudhuria, na aulize kama njia ikikatwa chuo kitafanya nini: je, kutakuwa na darasa kwa mtandao, je, mtihani utaahirishwa bila kulipishwa upya? Apewe jibu kwa maandishi.

Watu husema, basi tusome kwa mtandao, tumalize maneno. Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipata hati yake mwezi wa Agosti 2023, nacho hufundisha kwa mtandao, pamoja na digrii ya kwanza ya biashara. Tanzania walitutangulia, chuo chao huria ni cha tangu 1992. Twaona njia hii ndiyo iliyo karibu zaidi na mtu wa zamu, kwa maana somo lililowekwa kwenye mtandao laweza kukungoja mpaka utoke kazini. Lakini angalia neno hili dogo: yapo masomo ya mtandao yanayokungoja, na yapo yanayofundishwa kwa saa maalum, saa moja jioni barabara, na usipokuwapo umeandikwa hukuja. Haya ya pili hayana tofauti na Jumamosi ya Nairobi. Zaidi ya hayo kuna umeme na simu. Stesheni nyingine ndogo zina mtandao mzuri kuliko mji. Pengine mwenzako wa chumba amelala na wewe wataka kusema na mwalimu. Jaribu kabla: kaa wiki mbili ukifungua masomo ya bure saa zile zile utakazosomea. Ukishindwa wiki mbili za bure, miaka miwili ya kulipia haitakuwa nyepesi.

Halali ya chuo tutaipita upesi kwa kuwa wengi waijua. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu hutoa majina ya vyuo vyenye hati na majina ya masomo yaliyokubaliwa. Tazama yote mawili, kwa sababu chuo chaweza kuwa halali na somo lake jipya likawa bado. Tazama na tawi. Mwaka 2016 Tume iliamuru matawi mengi ya chuo kimoja cha serikali yafungwe, na wanafunzi waliokuwa katikati ya masomo wakaambiwa wahame. Kijana anaweza kuhama. Mtu wa zamu ahamie wapi?

Sasa fedha. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yasema makato yote yasipite theluthi mbili za mshahara. Watu wengine huifahamu vibaya sheria hii, hudhani ni ruhusa ya kukatwa mpaka hapo. Tuseme mshahara ni Sh. 45,000/-. Sheria inakuachia Sh. 15,000/- tu. Na kwa mtu wa nyumba mbili, ya stesheni na ya Madogo, Sh. 15,000/- hugawanywa kabla hazijafika. Rai yetu sisi wadhamini ni kwamba mkopo wa masomo usitolewe wote kwa mara moja. Na utolewe muhula kwa muhula, na wa muhula wa pili utoke baada ya kuona karatasi ya mtihani wa muhula wa kwanza. Twajua wengine watasema tunawaonea. Lakini kama karani yule angekopa muhula mmoja tu, hasara ingekuwa ya muhula mmoja.

Liko swali moja la ndani ya chama chetu ambalo husemwa kwa sauti ya chini. Wapo ndugu wasemao mfanya kazi akisoma digrii ya mameneja atageuka meneja, nasi tutakuwa tumemdhamini mtu wa kuja kutukemea. Hofu hii haikosi msingi. Tumewaona waliopata cheo wakasahau njia ya mkutano. Lakini tukumbuke Tom Mboya. Alikuwa bwana afya wa Halmashauri ya Jiji la Nairobi, akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama mwaka 1953, na mwaka 1955 akaenda kusoma Chuo cha Ruskin, Oxford, chuo kilichofunguliwa mwaka 1899 kwa ajili ya watu wa kazi. Alisoma mwaka mmoja, akarudi 1956 katika kazi ya chama akiwa na makali zaidi. Mwaka 1958 vyama huru vya dunia vikafungua chuo cha wafanya kazi Kampala, na watu wa Kenya, Uganda na Tanganyika wakaenda huko kujifunza hesabu, sheria na namna ya kujadiliana. Wakati huo hapakuwa na aliyesema kwamba kujua hesabu ni usaliti.

Na hapa ndipo tunapoona faida halisi ya digrii hii kwetu, kuliko tai na miwani. Tukikaa mezani na mwajiri kuzungumza mshahara, huletewa karatasi ya mizania na kuambiwa fedha hakuna. Nani kati yetu awezaye kuisoma? Nani ajuaye kwamba hasara ya kwenye karatasi inaweza kuwa ni uchakavu wa mabehewa uliopigwa hesabu, na si fedha iliyotoka mfukoni mwaka huu? Tukiwa na wanachama wawili watatu wanaoweza kuuliza swali hilo, mkopo wa masomo utakuwa umelipa hata sisi tulioishia darasa la nane.

Kwa sababu hiyo twataka jambo hili litoke katika wema wa mkuu wa zamu na kuingia katika mapatano ya pamoja. Mwajiri hutozwa Sh. 50/- za kila mwezi kwa kila mfanya kazi, ushuru wa mafunzo wa serikali, hivyo hata yeye anajua kwamba mafunzo ni sehemu ya gharama ya kazi. Tunachotaka si kikubwa. Mwanachama aliyekubaliwa chuoni aonyeshe ratiba, na zamu yake ipangwe kwa muhula mzima, si kwa juma. Asihamishwe katikati ya muhula ila kwa dharura, na ikiwa ni dharura mwajiri alipe karo iliyopotea. Siku za mtihani ziwe ruhusa yenye mshahara. Na ikiwa mwajiri amelipa karo na ataka mtu amtumikie miaka fulani baadaye, miaka hiyo iandikwe, na isipite miaka ya masomo yenyewe. Tumesikia habari za mtu aliyesomeshwa mwaka mmoja akafungwa miaka mitano. Huo si msaada, ni rehani.

Twaomba halmashauri ya tawi ilipeleke jambo hili makao makuu kabla ya majadiliano yajayo, na nakala ya barua ibandikwe ubaoni tuione. Wakati huo huo, kila anayetaka tumdhamini kwa mkopo wa masomo na alete mambo mawili: ratiba ya chuo, na orodha ya zamu zake za miezi 3 iliyopita. Tutaviweka mezani kimoja kando ya kingine, tutahesabu pamoja madarasa ambayo angeyakosa, ndipo tutatafuta kalamu.

Wadhamini wa Madogo